Tusianzie tena kwenye zero

Wandugu wa mine, na ninyi ba mama munaongojea mushahara nyumbani, kuko neno mbele ya komite yetu ya sendika, na linaangalia makuta yenu. Tunatafuta programu ya kuhesabu saa za ziada, juu kila mwisho wa mwezi watu wa sous-traitance wanapata fishi ya mushahara yenye kupunguka, na delege hana kitu mukononi cha kuonyesha. Vijana wenye kujua ordinatere wanasema: tuandike yetu, mupya kabisa. Sisi tunasema hapana.

LibreOffice iko, inahesabu vizuri, na haiuzishwe. Maandishi yake ya ndani (wanaita kodi, lakini hii Leta haitozi) yako wazi: kila mutu ana ruhusa ya kuyasoma na kuyatengeneza. Ilizaliwa Ujerumani miaka ya 1980, nyuma ikaitwa StarOffice, ikakuwa OpenOffice, na 2010 kikundi kimoja kikaichukua na kuiita LibreOffice. Hawakuitupa. Ndani mulikuwa maelezo mengi ya Kijerumani. Wakayatafsiri kidogo kidogo, wakatosha vipande vyenye kufa, na watu wakaendelea kuitumikisha kila siku.

Netscape ya Marekani, programu ya kutembelea intaneti, ilifanya ingine. Ilifungua maandishi yake 1998, halafu mwaka ule ule wakasema ya zamani ni mabaya, tuandike upya. Toleo la 4 lilitoka 1997. La 6 likatoka 2000. La 5 halikutoka hata siku moja. Wakati ule wote Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa inabeba watu. Ni kweli, ile kazi mupya ndiyo ilizaa Firefox, 2004. Lakini Netscape ilikuwa imeshauzwa, na watumiaji walishaenda.

Mwenye kutumika chini ya udongo anajua: ukikuta mbao imesimama pahali unaona ni pa bure, hauitoshe mbio. Yule aliyeiweka aliona jiwe likianguka pale. Programu ya zamani iko vile. Mustari unaoona hauna maana uliwekwa juu ya kosa moja watu walilolipata kwa shida. Ukiandika yote upya, makosa yale yanarudia, moja moja, na kwetu kosa ni saa za usiku za baba wa watoto.

Kuko kitu lazima tuandike sisi wenyewe: hesabu za sheria ya kazi ya hapa kwetu, na za mapatano ya kila kampuni. Ile LibreOffice haina. Vijana wetu waweke nguvu pale, juu ya LibreOffice, na wakimaliza waiache wazi, ili delege wa Likasi ao wa Kolwezi asianze naye kwenye zero.

Kwa kuijaribu tunahitaji fishi za kweli. Mulete kopi kwa delege wenu, na majina mufute.