Kichaa wa Kuigiza na Mgonjwa wa Kweli

Mzazi mmoja ametuuliza kama ni vema mwanawe, aliye likizoni, acheze mchezo wa mezani ambamo huigiza shujaa mwenye wazimu. Michezo ya namna hiyo ilianzia Marekani, ulipotolewa ule uitwao Dungeons & Dragons mwaka 1974. Wachezaji huzunguka meza, kila mmoja na mhusika wake, mmoja wao husimulia habari za mapango na mazimwi, na dadu hurushwa kuamua nani amefaulu.

Wako Wakristo waliodai kwamba mchezo huo ni wa shetani. Sisi hatukubaliani nao. Vijana kukaa pamoja wakitunga hadithi ni heri kuliko kushinda kilabuni. Linalotusumbua sisi wauguzi ni jingine, nalo linagusa pia maigizo ya vijana wetu parokiani.

Kitabu cha mwongozo wa mchezo huo cha mwaka 1979 kilikuwa na orodha ya aina 20 za wazimu, na dadu ndiyo iliyochagua mhusika apatwe na upi. Katika mchezo mwingine, Call of Cthulhu wa mwaka 1981, akili huhesabiwa kwa alama zinazopungua kila mhusika aonapo jambo la kutisha. Kwetu hatuna dadu, lakini tuna masizi usoni, gunia lililochanika na makopo shingoni. Kichaa akiingia jukwaani ukumbi mzima hucheka. Hata jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma inayotibu watu, tumeligeuza tusi!

Katika ukumbi huo yupo mama aliyemfungia mwanawe nyumbani. Yeye hacheki. Yupo na mwingine ambaye mgonjwa wake hajavaa makopo, basi anaamini kwamba si mgonjwa. Tulimpokea msichana wa kidato cha tatu aliyekaa nyumbani miezi minane bila matibabu. Wazazi walituambia, "Kichaa hukimbia uchi, huyu wetu ananyamaza tu." Alikuwa halali, ameacha kuoga, na hakula chakula alichopikiwa na dada yake kwa kuogopa sumu.

Hivyo ndivyo ugonjwa unavyoingia mara nyingi, polepole. Skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani, na wengi wao hawamdhuru mtu. Wao ndio wanaopigwa mawe. Tofauti ni mama aliyejifungua: akianza kuchanganyikiwa, hasa katika wiki mbili za kwanza, hali hubadilika kwa haraka, naye aletwe siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mwenye homa anayeanza kusema ovyo, kwani malaria kali hupanda kichwani.

Je, kijana aache kuigiza? La. Ila ampe mhusika wake jina, kazi na mama anayemsubiri. Ampe na siku za nafuu, maana zipo. Wenzake mezani wamtafutie mganga badala ya kumtuma mbele apigane na zimwi kwa kuwa eti hana hofu. Tena si lazima awe muuaji. Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, alifungiwa hospitalini Granada kama mwendawazimu na kuchapwa viboko, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dawa ya nyakati zile. Alipotoka alianzisha hospitali yake, akawahudumia wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1550. Vijana wetu wangeanza na huyo.

Kwa mzazi aliyetuuliza: mchezo hauleti wazimu. Kama mwanao anafunga kitabu, anakula na kulala, mwache acheze. Lakini akikesha usiku baada ya usiku, akiendelea kuongea na wasioonekana wenzake wakishaondoka, akiwashuku watu wa nyumbani, mlete. Usingoje avue nguo. Zipo dawa za vidonge, ipo na sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi kwa wale wanaosahau vidonge. Aje na mtu anayeishi naye, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi hatuambii kwamba halali.