Mikataba Mirefu na Mzigo Wake

Katika Jimbo la New York, huko Marekani, iko timu ya mpira wa magongo wa barafuni iitwayo Islanders, yaani Watu wa Visiwani. Jina hilo peke yake lilitosha kutuvuta sisi wa visiwa hivi, ingawa barafu tuijuayo sisi ni ile ya kupozea samaki. Wazee wetu wanaujua mpira wa magongo wa uwanja wa nyasi. Ule wa wenzetu huchezwa kwa viatu vyenye makali ya chuma, wachezaji 6 kila upande pamoja na mlinda mlango, na badala ya mpira hupigwa kigurudumu cheusi cha raba.

Hatukukusudia leo kueleza mchezo. Tumekusudia kueleza mikataba. Mishahara ya ligi hiyo haifichwi. Kila mkataba hujulikana muda wake, kima chake na aliyeutia saini. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa na kuhesabu, mwaka baada ya mwaka, nini viongozi wa timu waliahidi na nini kilifuata. Ni wachache miongoni mwetu wenye dhamana ya fedha za watu ambao wangependa kufunguliwa daftari lao namna hiyo, na kwa sababu hiyo tumeona daftari la wenzetu hawa linafaa kusomwa hapa.

Timu ya Islanders iliundwa mwaka 1972, na baada ya miaka michache ikawa bingwa. Ilitwaa Kombe la Stanley mara 4 mfululizo, tangu 1980 hadi 1983. Tangu hapo haijalitwaa tena. Timu iliyowahi kukaa juu namna hiyo hupata maradhi ya kutaka kurudi juu kwa siku moja, na hapo ndipo kalamu huanza kukimbia mbele ya akili.

Mwaka 2000 timu hiyo ilipata zamu ya kwanza katika uchaguzi wa vijana wapya wa ligi. Tayari ilikuwa na mlinda mlango kijana, Roberto Luongo. Meneja mkuu wa wakati huo, Mike Milbury, akamtoa Luongo kwa timu ya Florida, kisha zamu yake ya kwanza akamchukua mlinda mlango mwingine, Rick DiPietro. Mwaka uliofuata alimtaka mshambuliaji Alexei Yashin wa timu ya Ottawa. Ili kumpata, alimtoa beki kijana mrefu aitwaye Zdeno Chara, mchezaji mwingine mmoja, na zamu ya pili ya uchaguzi wa vijana wa mwaka 2001, ambayo Ottawa ilimchukulia Jason Spezza. Yashin akapewa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 87.5. Luongo na Chara wote wawili leo wamo katika orodha ya magwiji wa mchezo huo. Chara aliiongoza Boston, akiwa nahodha, kulitwaa kombe mwaka 2011. Na Yashin? Mwaka 2007, mkataba ukiwa bado una miaka 4, timu iliona kheri imlipe aondoke. Malipo hayo yalikatwa katika hesabu za timu kwa miaka 8, hadi msimu wa 2014-15.

Hapa inafaa tueleze neno "kukatwa katika hesabu", kwa kuwa ndilo shina la habari yote. Msimu wa 2004-05 haukuchezwa kabisa. Wenye timu waliwafungia milango wachezaji wao mpaka wakakubali kikomo cha mishahara. Sisi kwa kawaida yetu tuko upande wa wafanyakazi wanapofungiwa milango, na hatuoni sababu ya kubadilisha msimamo huo kwa kuwa wafanyakazi wenyewe ni matajiri. Hata hivyo sheria ikapita. Kikomo cha kwanza kilikuwa dola milioni 39 kwa timu kwa mwaka. Msimu wa 2025-26 kilifika milioni 95.5. Kila timu, iwe ya tajiri mkubwa au mdogo, haina ruhusa ya kukivuka. Tangu hapo fedha aliyopewa mkongwe asiyeweza tena kukimbia si hasara ya mwenye timu peke yake. Ni nafasi aliyonyimwa kijana anayeweza.

Viongozi wa timu, kama walivyo viongozi wengi wanapowekewa mpaka, walitafuta mahali pa kuupenyea. Ligi huchukua jumla ya mkataba na kuigawa kwa idadi ya miaka yake, na hicho kinachopatikana ndicho kinachohesabiwa kila mwaka. Basi anayetaka kima cha mwaka kiwe kidogo huirefusha miaka. Mwaka 2010 timu ya New Jersey ilimpa Ilya Kovalchuk mkataba wa miaka 17 wa dola milioni 102, ambao ungemalizika akiwa na umri wa miaka 44. Ligi iliukataa, na timu ikaadhibiwa. Meneja wa timu hiyo alikuwa Lou Lamoriello, ambaye tutarudi kwake. Mwaka 2013 ligi iliweka sheria kwamba mkataba usizidi miaka 8 kwa mchezaji anayebaki kwenye timu yake, na miaka 7 kwa anayetoka kwingine.

Lakini sheria hiyo iliwakuta Islanders wamekwisha kutia saini. Mwaka 2006 mwenye timu, Charles Wang, alimwondoa meneja mkuu aliyekuwa amekaa kazini siku zipatazo 40 tu, na nafasi yake akampa Garth Snow, ambaye alikuwa mlinda mlango wa akiba wa timu hiyo hiyo. Mwezi wa Septemba mwaka huo, DiPietro alipewa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 67.5, yaani milioni 4.5 kila mwaka hadi 2021. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi.

Yaliyofuata yanatia huruma. Misimu miwili ya kwanza kijana alicheza vizuri. Kisha mwili ukamgeuka: nyonga, magoti, upasuaji baada ya upasuaji. Katika misimu 5 iliyofuata, tangu 2008-09 hadi 2012-13, alicheza mechi 50 tu. Mashabiki waliotoa fedha zao walimzomea na kumfanyia mzaha, kana kwamba yeye ndiye aliyejikata goti. Tunapenda kutamka waziwazi kwamba katika jambo hili mchezaji hana lawama. Alipewa karatasi, akaambiwa weka saini, akaweka. Ni nani miongoni mwetu angeirudisha? Kosa ni la mwenye kalamu, aliyeuza miaka 15 ya timu kwa magoti mawili ya binadamu.

Mwaka 2013, baada ya mgogoro mwingine wa ligi na wachezaji, kila timu iliruhusiwa kuivunja mikataba miwili kwa malipo bila ya malipo hayo kuhesabiwa katika kikomo. Islanders waliuvunja mkataba wa DiPietro. Zilikuwa zimebaki dola milioni 36. Kwa sheria hulipwa theluthi mbili, kwa muda ulio mara mbili ya ule uliobaki. Hivyo ndivyo ilivyopatikana milioni 24 kwa miaka 16, milioni 1.5 kila mwaka hadi 2029, kwa mtu ambaye hatasimama tena langoni. Wengi hulicheka jambo hili. Sisi hatulicheki, kwani ahadi ni deni na dawa ya deni ni kulipa, na timu hiyo inalipa. Tafauti na wale tunaowajua, ambao mkataba ukiwaelemea huufungia kabatini na kumwacha mtu azunguke maofisini na bahasha mkononi mpaka achoke.

Mtu angedhani kwamba timu iliyoungua mara mbili namna hiyo itakaa mbali na moto. Mwaka 2016 ilimchukua Andrew Ladd, mwenye miaka 30, aliyekwisha kutwaa kombe na timu mbili nyingine, kwa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 38.5. Maumivu yakamwandama naye pia. Mwaka 2018 akaja Lamoriello kushika umeneja, mzee mwenye heshima kubwa katika mchezo huo, na kwa haki ya Mungu aliitengeneza timu. Ile iliyokuwa imefungwa mabao mengi kuliko zote msimu mmoja, msimu uliofuata ikafungwa machache kuliko zote. Mwaka 2020 na 2021 ilifika hatua iliyo kabla ya fainali, na mwaka 2021 ilitolewa na Tampa Bay katika mchezo wa saba kwa bao 1 kwa bila.

Lakini angalia gharama iliyolipwa njiani. Mwaka 2020 kikomo cha mishahara kilisimama palepale, dola milioni 81.5, kwa sababu ya maradhi ya korona. Timu ilikuwa imejaa mikataba ya wakongwe. Ikabidi mtu atoke, na aliyetoka hakuwa mkongwe, kwa kuwa mkongwe mwenye mkataba mnono hana anayemtaka. Alitoka Devon Toews, beki hodari, aliyepelekwa Colorado kwa zamu mbili za raundi ya pili. Mwaka 2022 Toews alitwaa kombe na Colorado. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Ladd, na hapo mambo yaligeuka: kumtoa yeye, Islanders ilibidi wawape Arizona zamu tatu za kuchagua vijana, mbili za raundi ya pili na moja ya raundi ya tatu, nao wasipokee kitu. Yaani walilipa ili wachukuliwe mzigo wao, na malipo yenyewe yalikuwa ni vijana ambao bado hawajafika.

Hapa ndipo tunapowaomba ndugu zetu wenye madaraka wasimame kidogo. Gharama ya mkataba mbaya haionekani kwa yule anayeushika. Mkongwe yupo, analipwa, anasalimiwa. Gharama huonekana mlangoni, pale anapotoka kijana ambaye hakufanya kosa lolote isipokuwa mshahara wake ulikuwa mdogo na hivyo akawa mwepesi kuhamishwa.

Lamoriello aliendelea kuwashikilia watu wake. Nahodha Anders Lee alikwisha kupewa miaka 7 na milioni 49 mwaka 2019. Mwaka 2023 beki Scott Mayfield, mwenye miaka 30, akapewa miaka 7 na milioni 24.5, Pierre Engvall naye akapewa miaka 7 na milioni 21. Ukitazama kima cha mwaka si kikubwa. Ukitazama miaka, utaona hila ileile ya kuirefusha kamba. Uaminifu kwa waliopigana pamoja nawe ni sifa njema, wala hatuwezi kumlaumu mtu kwa kuwapenda watu wake. Isipokuwa mahaba hayo yalilipwa na hazina ya timu, na timu ile iliyokuwa hatua moja kabla ya fainali ilikosa hata hatua ya mtoano mwaka 2022 na tena mwaka 2025. Mwaka huo wa 2025 mkataba wa Lamoriello mwenyewe haukuongezwa.

Hatutaki maneno yetu yachukuliwe kuwa silaha ya kuwatupa wakongwe. Yuko yule Chara tuliyemtaja. Alitolewa Islanders akiwa kijana mwaka 2001, akarudi mwaka 2021 akiwa na miaka 44, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Alicheza, akawaonesha vijana njia, msimu ukaisha, akaagana na watu kwa heshima. Mkongwe wa namna hiyo hana mzigo kwa mtu. Kinachofanya uzee uwe mzigo ni ahadi iliyotolewa siku ya shangwe, ngoma zikilia, kwa miaka ambayo aliyeahidi hatakuwepo kuijibu.

Vilabu vyetu vya michezo havina kikomo cha mishahara kama hicho, na fedha zake ni punje tu mbele ya hizo. Lakini navyo vinasajili, vinaahidi, na vinabadilisha viongozi. Tunaona ipo haja ya kila mkataba unaozidi muhula wa uongozi uliotia saini kusomwa kwanza mbele ya wanachama, pamoja na kima chake na njia ya kuuvunja. Tunaona vilevile kwamba wenye kusimamia michezo katika Serikali wangefaa kuidai karatasi hiyo kabla ya usajili, si baada ya malalamiko. Mwanachama anayetoa ada yake ana haki ya kujua ameahidiwa nini kwa jina lake. Tukisema hivyo hatumshuku kiongozi yeyote. Wang hakuwa mwizi. Fedha alizoahidi zilikuwa zake.

Huko New York, meneja mpya, Mathieu Darche, alianza kazi mwaka 2025 kwa bahati aliyoipata Milbury mwaka 2000: zamu ya kwanza ya uchaguzi wa vijana. Akamchukua beki aitwaye Matthew Schaefer, aliyezaliwa Septemba 2007. Mkataba wa DiPietro ulipotiwa saini, Septemba 2006, kijana huyo alikuwa hajazaliwa. Malipo yake ya mwisho yatakapotolewa mwaka 2029, atakuwa na umri wa miaka 21.