KIKI YA INCHI NNE: STAA ANANYANYUA MCHUMA, SHABIKI ANABEBA MSALABA

Ukitaka kutrendi mjini siku hizi huhitaji ngoma mpya wala skendo ya mapenzi. Tafuta Land Cruiser VX ya miaka ya 90, inyanyue mpaka mtu wa kawaida apandie kwa ngazi, ivishe matairi manene ya tope, ipige picha jua likizama kule Masaki. Basi. Komenti zitajaa moto mpaka asubuhi.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ndiye bingwa wa mchezo huu. Kwenye video yake kila kitu kinaonekana: gereji ya uchochoroni, jeki mbili, fundi anachomeka pete za chuma juu ya springi zilezile za zamani, muziki unapiga, saa tatu baadaye ndinga imesimama kama twiga. Ujumbe wake kwa mashabiki ulikuwa mfupi: inchi nne, hela ndogo, siku moja, nyie mnangoja nini?

Na mashabiki hawakungoja. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Mtu kupenda gari refu si dhambi. Gari la zamani likinyanyuliwa vizuri ni burudani, na kwa wengine ni kazi. Waulize madereva wa safari kule Arusha. Wao wanaweka springi nzito kwa sababu gari linabeba watalii, maji, mafuta na mizigo kwenye njia mbovu siku nzima. Wanajua kwa nini wamepandisha. Staa wetu njia yake mbaya kuliko zote ni matuta ya kuingilia hoteli.

Tuanze na uongo wa kwanza, ule wa “sasa napita popote”. VX nyingi za miaka ya 90 zina ekseli nzima mbele na nyuma. Ukiweka springi ndefu, kinachopanda ni bodi na chesisi. Difu, ile pakacha ya chuma inayokwama kwenye jiwe, inabaki palepale ilipokuwa. Kinachopandisha difu ni tairi tu, tena kwa nusu: toa tairi la inchi 31, weka la inchi 35, difu imepanda inchi 2. Kwa hiyo yule anayetamba kwamba maji ya Jangwani sasa ni ya kuoshea miguu, ajue inchi 4 ni sentimita 10, upana wa kiganja cha mkono. Mto Msimbazi ukifurika hauulizi kiganja. Injini ikivuta maji badala ya hewa inakufa hapohapo, staa au si staa.

Uongo wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haupigwi picha. Ni ule wa “pete tu zinatosha”.

Angalia baiskeli. Uma wa mbele umeegemea nyuma kidogo, ndiyo maana ukiachia usukani kwenye mteremko baiskeli inaendelea kunyooka. Gari nalo limeundwa hivyohivyo. VX inaponyanyuliwa mbele, mikono ya chuma inayoshika ekseli inaizungusha, na ule mwegemeo unapungua. Matokeo yake usukani haujirudishi wenyewe baada ya kona. Mjini kwenye foleni hutagundua kitu. Piga kilomita 80 kwa saa kuelekea Chalinze, lori likupite, uone gari linavyotangatanga kama limelewa. Dawa yake ipo, ni bushi maalumu za kurekebisha mwegemeo huo. Kwenye video ya staa bushi hizo hazikuonekana hata kwa bahati mbaya.

Njoo kwenye breki. Magari mengi ya aina hii yana valvu nyuma yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Inapima gari limekaaje: nyuma ikishuka, valvu inajua kuna mzigo, inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Nyuma ikipanda, inaamini gari ni tupu, inapunguza. Ukinyanyua gari bila kurekebisha fimbo, umeidanganya valvu. Siku umepakia washkaji saba mnakwenda Bagamoyo, breki za nyuma zinadhani uko peke yako. Bado hosi za breki hazijatajwa, zile za mpira ambazo zilikuwa na urefu wa kutosha kwa gari la kawaida na sasa zinavutwa kila tairi linapoanguka shimoni. Na shokapu fupi za zamani, ambazo zinafika mwisho kabla springi haijanyooka, zinapigwa nyundo kila tuta.

Wenye Prado za kati ya 1996 na 2002 wasicheke. Zile mbele hazina ekseli nzima, zina shafti zenye viungo vinavyokunjika. Ukizidisha urefu, viungo vinafanya kazi vikiwa vimekunjwa kupita kiasi, mipira yake inachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Baada ya hapo ni kelele ya ka-ka-ka kila kona, na bei ya kiungo kipya haimo kwenye ile “hela ndogo”.

Sasa subiri matairi. Kilomita za dashibodi zilipigiwa hesabu na tairi la inchi 31. Ukiwa na la 35, mshale unaposema 80 wewe uko 90. Mshale unaposema 50, uko zaidi ya 56. Trafiki mwenye tochi hatakubali hadithi ya kwamba mchuma wako ni wa kisasa.

Wapo watakaosema huu ni wivu. Gari lake, hela yake, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba barabara si yake. Taa ambazo hazikushushwa baada ya gari kupanda zinammulika dereva wa bodaboda machoni, yeye ndiye anayeingia mtaroni. Bampa iliyopanda inaipita bampa ya IST na kukutana na kioo na vichwa vya watu. Mtoto anayevuka mbele ya boneti refu haonekani kabisa. Hao wote hawakulaiki ile video.

Na kuna mtu mwingine anayebebeshwa mzigo huu kimyakimya: fundi. Fundi mwenye akili anajua pete si kazi. Akisema, “Boss, hapa tubadilishe springi na shokapu kwa pamoja, tuangalie bushi kwanza, gari hili lina miaka karibu 30,” anajibiwa, “Wewe piga kazi, usinifundishe.” Gari likipinduka kesho, mtaani watasema fundi mbovu. Staa atakuwa ameshaliuza na kununua lingine.

Kazi yenyewe inavyotakiwa haina siri. Kwanza gari linakaguliwa: kutu kwenye chesisi, bushi, boljointi. Vilivyochoka vinabadilishwa kabla ya kunyanyua, siyo baada. Springi na shokapu zinanunuliwa kama seti moja iliyopimwa pamoja. Inchi 2 zinamtosha karibu kila mtu wa mjini. Bushi za mpira zinakazwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake chini, kwa sababu zikikazwa gari likiwa juu ya jeki zinajikunja likishushwa na kuchanika mapema. Halafu hosi, fimbo ya valvu, alaimenti, taa. Gari likishatembea kilomita mia kadhaa, nati zote zinakazwa upya. Na kampuni ya bima inaambiwa, maana wakigundua wenyewe siku ya ajali wanaweza kugoma kulipa.

Hiyo haimalizwi kwa saa tatu na haina muziki nyuma. Ndiyo maana haipostiwi.

Mastaa wana haki ya kutafuta kiki. Waimbe, waachane, warudiane, wavae watakavyo. Lakini anayewaambia vijana laki kadhaa kwamba usalama wa gari bovu la zamani unanunuliwa kwa pete mbili za chuma, aonyeshe pia risiti ya breki. Kama hana, aifute ile video.

Mdau, mtaani kwako wananyanyua kwa seti kamili au kwa pete? Funguka hapo chini kwenye komenti, na mafundi nao waje watoe ya moyoni.