Mwili Ukinyamaza, Mtu Bado Yupo

Mwezi Agosti 2024, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti unaopaswa kumgusa kila anayemtembelea mgonjwa. Watafiti waliwapima watu 241 walioumia ubongo, ambao walipopewa agizo hawakuonyesha dalili yoyote ya kusikia. Waliombwa watende kwa mawazo tu, kwa mfano kufikiri kwamba wanafumba na kufumbua kiganja. Kwa watu 60, yaani robo yao, vipimo vilionyesha ubongo ukilitii agizo. Mwili ulikuwa umenyamaza, lakini mwenyewe alikuwapo.

Kimojawapo cha vipimo hivyo ni kile cha umeme wa ubongo, ambao Hans Berger aliurekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza huko Ujerumani mwaka 1924. Mgonjwa huvalishwa kofia yenye elektrodi zinazogusa ngozi ya kichwa, pasipo upasuaji. Juu ya msingi huo imeundwa mitambo inayounganisha ubongo na kompyuta, ili aliyepooza aweze kuchagua herufi, kuwasha taa au kuelekeza kitimwendo bila kuinua mkono. Hata hivyo, fuvu hufifisha ishara. Kwa hiyo kazi huenda polepole, yenye makosa na mazoezi mengi. Tena kofia nyingi zilisanifiwa pasipo kuzifikiria nywele kama zetu. Ndiyo maana Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walibuni elektrodi zinazokaa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa.

Je, tuuogope mtambo huu? Hausomi roho, hupokea ishara za umeme na kuzifasiri. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 16, unafundisha kwamba dhamiri ni patakatifu ambapo mtu yuko peke yake na Mungu. Kwa hiyo, taarifa zitokazo kichwani mwa mtu si bidhaa ya sokoni. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo katika Katiba yake mwaka 2021. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Inafaa tuifahamu kabla vifaa hivi havijatufikia.

Sitarajii kofia hizo zifike kesho katika vigango vya Kibondo na Kasulu, wala katika kambi ya Nyarugusu. Lakini wale wanaozihitaji tunao tayari: mtoto ambaye malaria kali ilipanda kichwani ikamwachia ulemavu, mzee aliyepigwa na kiharusi, kijana aliyeanguka na pikipiki. Wengi wamelazwa chumba cha ndani. Tukiwatembelea, tunamwuliza mama, “Anaendeleaje?”, kana kwamba mwenyewe hayupo. Nami nakiri: nimewahi kutoa Mpako wa Wagonjwa nikizungumza na ndugu tu, juu ya kichwa cha mgonjwa.

Utafiti ule hausemi kwamba kila asiyejibu anasikia. Unatunyima tu haki ya kudhani kwamba hasikii. Yule mwenye kupooza katika Injili ya Marko 2:1-12 hakusema neno. Watu wanne walimbeba, wakafungua dari. Yesu akazungumza naye, akimwita mwanangu.

Basi, Jumuiya Ndogo Ndogo zianze na lisilohitaji umeme. Ukiingia asubuhi, mwambie mgonjwa mwenyewe “Mwakeye”, umwite kwa jina, kisha usubiri. Jaribuni kupatana naye ishara: kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mwambieni ni nani anayesali na kwa nini. Katekista asimfute mtoto wa namna hiyo katika orodha ya mafundisho kabla ya kuzungumza na paroko. Mtambo ukija, tutaupokea kama mbebaji wa tano. Wale wanne ni sisi, na mgonjwa anatusubiri sasa.