Ugomvi wa Mpaka na Nyimbo za Migwani

Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na maeneo yaliyoumia zaidi yalikuwa Makueni na Kitui. Waliougua walifika 317. Ukambani, eneo la Wakamba, haijausahau msiba ule. Ndiyo maana Machi 2021, Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, watu wa Migwani, Kitui, hawakuhitaji kuelezwa sumukuvu ni nini. Marufuku yenyewe haikumaliza hata wiki moja. Iliondolewa na kuwekwa masharti. Maneno yaliyosemwa siku zile ndiyo yaliyobaki. Mtanzania akawa mtu anayetuuzia kifo, na hakuna aliyekumbuka kwamba mahindi yaliyoua mwaka 2004 yalilimwa huku huku kwetu, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu ndani ya maghala yetu wenyewe.

Naanza na mahindi ilhali ninalotaka kulijadili ni muziki, kwa kuwa ndivyo kinyongo cha majirani kinavyosafiri. Huanza na jambo la kweli, lenye tarehe na waathiriwa, kisha kikahama polepole hadi kwa watu na vitu visivyohusika: lafudhi ya dereva, kitenge cha mchuuzi, wimbo unaopigwa kwenye matatu. Kila Nairobi na Dodoma zinapokosana, hazipiti siku nyingi kabla hujamsikia mtu akiwataka Wakenya waache kusikiliza Bongo Fleva, muziki wa vijana wa Tanzania. Hata mambo yasiyo ya serikali huvutwa huko huko. Desemba 2024 mwimbaji wa Kenya Willy Paul na nyota wa Tanzania Diamond Platnumz walizozana kwenye tamasha jijini Nairobi, Diamond akaondoka bila kuimba, na kufikia asubuhi ugomvi wa wanamuziki wawili ulikuwa umegeuka ugomvi wa mataifa mawili.

Mei 2025 mambo yakawa mazito kweli. Martha Karua, wakili na mwanasiasa wa Kenya, alizuiwa kuingia Tanzania alipokwenda kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani. Siku iliyofuata mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa Dar es Salaam, yeye na mwenzake Agather Atuhaire wa Uganda, na baada ya siku kadhaa kila mmoja akaachwa karibu na mpaka wa nchi yake. Wote wawili walisema waliteswa. Wabunge wa Dodoma wakawasema Wakenya vibaya, Wakenya wakajibu mitandaoni kwa matusi, hadi Rais Ruto akaomba msamaha hadharani kwenye maombi ya kitaifa. Julai Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara za aina 15, nyingi zikiwa zile ndogondogo ambazo Mkenya wa kawaida angeweza kuzianza akivuka mpaka na mtaji mdogo.

Haya ni malalamiko ya haki na sitaki yapuuzwe. Ila hakuna hata moja linaloweza kulipwa kwa kuzima wimbo.

Wakorea na Wajapani walilijaribu jambo hili kabla yetu, tena wakiwa na kidonda ambacho chetu hakikikaribii. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910 na kuitawala hadi 1945. Kuanzia 1940 Wakorea walishinikizwa kuchukua majina ya Kijapani. Vijana walipelekwa migodini na viwandani, na wanawake maelfu kwa maelfu wakafanywa watumwa wa ngono wa jeshi. Korea Kusini ilipojitawala ilifunga mlango: nyimbo, filamu na katuni za Kijapani hazikuruhusiwa kuuzwa wala kurushwa hewani. Hofu hiyo ikafika mahali pa kuwageukia Wakorea wenyewe. Lee Mi-ja, mmoja wa waimbaji wakubwa wa nchi ile, alitoa wimbo uliopendwa mno mwaka 1964, na serikali ikaupiga marufuku kwa madai kwamba mahadhi yake yanafanana na ya Kijapani. Haukuachiliwa hadi 1987. Mwimbaji alikuwa Mkorea, na lugha ilikuwa Kikorea. Walioadhibiwa na ile hasira dhidi ya Tokyo walikuwa wapenzi wa muziki wa Seoul.

Wakati huo huo katuni za Kijapani zilinakiliwa kinyemela na kuuzwa bila jina la mchoraji, hivyo watoto wakakua wakizipenda bila kujua zilitoka wapi. Mwaka 1998 Rais Kim Dae-jung alianza kuufungua mlango ule kwa awamu. Wengi walihofia kwamba Japani ingeumeza utamaduni wa Korea. Haikuwa hivyo. Mwaka 2003 tamthilia ya Kikorea *Winter Sonata* ilionyeshwa na runinga ya taifa ya Japani, na akina mama wa Kijapani wakaanza kufunga safari kwenda Korea kuona mahali ilipopigwa picha. Leo Japani ni mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya muziki wa Kikorea.

Ni kweli pia kwamba kidonda hakijapona. Novemba 2018 runinga moja ya Japani ilifuta onyesho la kundi la BTS kwa sababu ya fulana iliyovaliwa na mmoja wao, yenye picha ya bomu la atomiki. Mwaka 2019, baada ya mahakama ya Korea kuamuru kampuni za Japani zilipe fidia kwa kazi za kulazimishwa na Japani kuminya biashara ya kemikali za viwandani, Wakorea walisusia bia na nguo za Kijapani. Aliyenigusa zaidi mwaka huo ni Sana, msichana wa Kijapani anayeimba katika kundi la Kikorea la Twice. Mfalme wa Japani alipong'atuka, Sana aliandika maneno machache ya kuiaga enzi aliyozaliwa. Akashambuliwa na Wakorea kana kwamba yeye ndiye aliyetia saini hati za mwaka 1910. Binti huyo alizaliwa mwaka 1996.

Turudi kwetu. Tanzania na Kenya hazijawahi kutawalana wala kupigana vita, ila tulishafunga mlango. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika na shirika la ndege la pamoja limekwisha kusambaratika, Tanzania iliufunga mpaka. Ulikaa hivyo hadi Novemba 1983. Katika siasa za Tanzania Wakenya waliitwa manyang'au. Nairobi wakajibu kwamba bora nyang'au kuliko mtu asiye na cha kula. Mzee yeyote Ukambani aliyefanya kazi reli au bandari enzi zile anayakumbuka maneno hayo.

Sasa tazama kilichotokea kwenye muziki katika miaka hiyo hiyo karibu saba. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili kutoka Tanga, walikuwa wamekwisha hamia Kenya na kuongoza bendi yao ya Simba Wanyika. Mwaka 1978, mpaka ukiwa umefungwa, baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaunda Les Wanyika. Katika bendi hiyo mpya walikuwamo Watanzania kama John Ngereza na Omar Shabani, na Wakenya pia. Wakarekodi "Sina Makosa", wimbo ambao hadi leo ukipigwa kwenye harusi yoyote ya Afrika Mashariki, wazee huinuka. Upande wa pili, Redio Tanzania ilirekodi bendi za Dar es Salaam kwenye kanda, lakini santuri zilichapwa Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mitambo. Mpaka ulipofungwa, bendi za Tanzania zilipata shida ya santuri na viwanda vya Nairobi vikapoteza wateja. Serikali zilizokosana ziliendelea na safari zao. Hasara ilibaki kwa wapiga gitaa.

Na si rumba peke yake. Benga, ambayo Wakamba wameifanya yao hata ukiisikia gitaa ya kwanza tu unajua uko Kitui au Machakos, ina mizizi yake Nyanza. Mmoja wa waliojenga jina la muziki huo ni D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akaipa bendi yake jina la kwao na kuishi maisha yake ya usanii Kenya. Serikali ya Kenya ilimkamata zaidi ya mara moja kwa tungo zake. Bila watu kama yeye, Kakai Kilonzo, nyota wa benga ya Kikamba, na bendi yake ya Kilimambogo Brothers wasingelikuwa na njia ile ya kupita. Kakai naye, kabla ya kufariki mwaka 1987, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho kilichomtoa Ukambani akasikika mbali.

Pale Migwani, karibu na steji ya magari ya Mwingi, wapo vijana wanaopakia nyimbo kwenye flashi kwa malipo madogo. Kompyuta kuukuu, waya zilizofungwa kwa gundi, na mafaili yaliyopangwa kwa majina: Kamba, Injili, Zilizopendwa, Bongo. Wateja ni madereva wa bodaboda na makondakta. Mwaka 2025, joto la ule ugomvi wa Mei likiwa bado juu, nilimsikia mzee mmoja akimwambia kijana wa kibanda, "Mwanangu, hizo za Watanzania niondolee. Wametudharau sana." Kijana akamuuliza kwa adabu, "Na hizi za akina Wanyika, baba, nazo nitoe?" Mzee alishangaa. "Hizo ni zetu."

Alikuwa sahihi. Ni zetu, maana tulizicheza, tulizilipia, zilirekodiwa mjini kwetu. Ni zao vilevile. Kijana aliziacha.

Nakubali kwamba upo upande wa pili wa hoja hii ambao si chuki. Wanamuziki wa Kenya wamelalamika kwa miaka kwamba redio za nchi hii huwapa wageni muda mwingi kuliko wenyeji. Si kilio kipya. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya, redio ya taifa, ilitangaza kwamba asilimia 75 ya muziki wake utakuwa wa Kenya, na mpango huo ukafa haraka. Sina pingamizi na kiwango cha lazima cha muziki wa nyumbani, mradi kiwekwe kwa sheria na kiwahusu wageni wote sawa, Wamarekani na Wanaijeria wakiwamo. Ajabu ni kwamba hasira hulipuka zaidi kwa Mtanzania, mgeni anayeimba kwa lugha yetu na anayejaza viwanja vyetu. Tena Ukambani hoja hiyo ina uzito mdogo kuliko Nairobi. Redio za Musyi FM, Mbaitu FM na Athiani FM hupiga benga ya Kikamba kutwa. Waimbaji wa Kikamba kama Ken wa Maria, Maima na Kativui hawajawahi kukosa hewa kwa sababu ya Diamond. Wanachokosa ni mirabaha. Vyama vya kukusanya mirabaha vimevutana na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya miaka nenda miaka rudi, na msanii wa kijijini ambaye wimbo wake unapigwa kwenye kila gari la barabara ya Kitui hulipwa kidogo au halipwi kabisa. Mwizi wake yuko hapa hapa Kenya.

Lipo pia jambo la heshima, na hili naliona zito kuliko wengi wanavyokiri. Mtanzania hutucheka Kiswahili chetu. Ule utani wa Kiswahili kuzaliwa Zanzibar na kuugua kikifika Kenya humchoma sana mtu wa Migwani, kwa sababu amekwisha chekwa lafudhi yake na Wakenya wenzake, kwenye vichekesho vya runinga na kwenye ofisi za Nairobi. Anapoisikia dharau hiyo tena kutoka ng'ambo, anaona ni ile ile. Sisi nasi tumewaita Watanzania wazembe na waoga mbele yao, na waliposimama kudai haki zao baadhi yetu tuliwafundisha ujasiri kana kwamba hawana historia yake. Pande zote mbili zina la kuacha.

Agosti 2025, miezi mitatu tu baada ya matusi yale, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya soka ya CHAN. Kenya na Tanzania zilitolewa siku moja, kwenye robo fainali. Mwaka 2027 nchi hizo tatu zimepangiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, kama Korea na Japani zilivyoandaa Kombe la Dunia 2002. Mashabiki watavuka mpaka Namanga na Holili kwa maelfu, na muziki utavuka nao. Wale wanaotaka tujiandae kwa kufuta mafaili kwenye flashi wanatupotezea wakati.

Mwangi na Atuhaire, walioumia kuliko sisi sote, wamepeleka madai yao katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Ndiko yanakostahili kuwa. Kenya ina wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki, lililoko mji huo huo. Msomaji wa Migwani mwenye kinyongo cha haki na Tanzania, waulize wabunge hao wamesema nini kuhusu amri ya zile biashara 15. Kisha muulize mwakilishi wako wa wadi ni lini msanii wa Kikamba atalipwa.