"Sikusikia" si uongo, ila si utetezi

Muhula uliopita nikiwa mwakilishi wa darasa, nusura niumbuke ofisini kwa mhadhiri. Testi ilikuja na maswali mawili ya mada ya 5, ambayo sisi tuliamini haimo. Darasa likachachamaa, nikatumwa kwenda kusema kwamba hatukuambiwa. Nami nilikuwa na uhakika, maana kipindi cha mwisho nilikuwepo, tena nilikaa mstari wa tatu.

Kabla sijaenda, mwenzetu mmoja anayerekodi vipindi kwa simu akaniita vimbwetani, akaniambia, "Hebu sikiliza kwanza hii." Mhadhiri anasema wazi, mara mbili, kwamba mada ya 5 imo. Nyuma ya sauti yake kuna mtu anacheka. Ni mimi. Nilikuwa nasoma meseji za grupu la hosteli.

Niliishiwa pozi. Sasa masikio yangu yalikuwa wapi?

Yalikuwepo, na yalifanya kazi. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, aliwavalisha watu hedifoni, kila sikio likiingia maneno yake, akawataka wayafuate na kuyarudia ya sikio moja tu. Walipoulizwa baadaye kuhusu sikio la pili, walijua kuna mtu alikuwa anaongea, basi. Alichosema hawakujua. Hata Kiingereza kilipogeuka Kijerumani hawakugundua.

Mwaka 2012 Nima Mesgarani na Edward Chang wa Marekani walisogea karibu zaidi. Walipima mawimbi ya umeme kwenye ubongo wa wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari wamewekewa vipimo kwa ajili ya matibabu. Wagonjwa walisikilizishwa watu wawili wakiongea kwa pamoja. Katika sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti, kilichoonekana zaidi ni maneno ya yule waliyeambiwa wamfuate. Yule mwingine alififia, ingawa sauti yake iliingia masikioni kama kawaida.

Kwa hiyo anayesema "sikusikia" huenda hadanganyi. Simu inarekodi kila kinachoingia, ubongo unachagua. Ila anayeuchagulia, mara nyingi, ni sisi wenyewe, na ndiyo maana nasema huo si utetezi.

Najua kuna wanaosema, "Mimi naperuzi huku nasikiliza, likija jambo la maana nitalidaka." Mwaka 1959 Neville Moray alirudia jaribio la aina ile ya Cherry, akapenyeza jina la msikilizaji kwenye sikio lisilofuatwa. Karibu theluthi moja tu ndio waliolisikia. Jina lako mwenyewe! Sembuse mada ya 5.

Wahadhiri nao wasijitoe. Kutangaza mambo ya testi dakika ya mwisho, watu wanafunga mabegi na viti vinapiga kelele, ni kushindana na sauti nyingine kwa makusudi. Tangazo zito lisemwe ukumbi ukiwa umetulia, na liandikwe ubaoni. Hilo ni dai la haki, na serikali yetu ya wanafunzi ilibebe.

Lakini dai la kwamba hatukuambiwa sikulibeba. Nilirudi darasani nikawasikilizisha ile rekodi. Wapo walionuna, wakaniita mwakilishi wa mhadhiri. Nami pia nilipoteza alama, na nikalazimika kuzifukuzia kwenye mtihani wa mwisho ili nisiangukie kwenye sapu.

Siku hizi nikiingia ukumbini simu naizima, naiweka begini. Kipindi kikiisha nazikuta meseji zote zinanisubiri. Mhadhiri akishasema, hakuna kinachonisubiri, labda niwe na bahati tena ya mwenzangu mwenye rekodi.