Hadithi za Miti na Nembo za Wauzaji

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la tatu, katika shule moja ya msingi huku Nyakatuntu, nikimtazama mwanachuo wangu akifundisha kusoma kwa ufahamu. Alikuwa amejiandaa vema. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilifika hadi dawati la mwisho, na mkononi alishika kijitabu chenye picha za rangi ambacho shule ilikuwa imepewa bure na kampuni moja ya vinywaji. Hadithi ilihusu mti uliolia kwa sababu watoto wa kijiji walitupa taka chini yake. Watoto walisikiliza kwa utulivu ambao kila mwalimu huutamani. Mwishoni mwanachuo akauliza, "Tumejifunza nini?" Mtoto mmoja wa kike akasimama, akajibu kwa adabu kwamba tumejifunza kunywa kinywaji fulani, akakitaja kwa jina.

Darasa zima lilicheka. Mimi nilikiomba kijitabu kile, nikakipitia, na nikaona kwamba mtoto yule alikuwa amesoma kwa makini kuliko sisi watu wazima. Nembo ya kinywaji ilichapwa chini ya kila ukurasa. Katika picha ya mwisho watoto waliookota taka walizawadiwa kinywaji hicho hicho, kila mmoja na chupa yake ya plastiki. Mti ulikuwa umesahauliwa.

Makala haya yanakusudia kuwashauri wanachuo wetu juu ya hadithi za namna hii. Nasema mapema ninachokiamini: kijitabu kinaweza kupokelewa, lakini mwalimu asimwachie muuzaji nafasi ya msimulizi.

Tatizo hili si letu peke yetu, na mfano wake mashuhuri una asili yake katika Afrika ya Mashariki. Mwezi Septemba 1970 mwandishi wa Kimarekani Theodor Geisel, ajulikanaye kwa watoto kwa jina la Dr. Seuss, alikuwa Kenya, katika hoteli moja iliyo chini ya Mlima Kenya. Kwa muda mrefu alikuwa ameshindwa kuandika kitabu juu ya uharibifu wa mazingira kisichomchosha msomaji. Akiwa huko, katika alasiri moja, aliandika sehemu kubwa ya hadithi aliyoiita The Lorax, iliyochapishwa mwaka 1971. Mwaka 2018 wataalamu kutoka Marekani walitoa hoja kwamba huenda umbo la Lorax lilitokana na tumbili wekundu wa nyanda za Laikipia, waitwao patas, ambao hutegemea sana migunga ya huko kwa chakula chao.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Mfanyabiashara aitwaye Once-ler anafika katika nchi ya miti mizuri, anakata mmoja, na kufuma vazi ambalo watu wanaambiwa kwamba kila mtu analihitaji. Lorax, kiumbe mfupi mwenye masharubu, anatokea na kusema kwa niaba ya miti, kwa kuwa miti haina ulimi. Hasikilizwi. Kiwanda kinakua, maji yanachafuka, wanyama wanahama, hata mti wa mwisho unaanguka. Mwishoni mfanyabiashara, sasa mzee mwenye majuto, anamkabidhi mtoto mbegu moja iliyosalia. Yafaa kukumbuka kwamba aliyeandika haya aliifahamu biashara kwa karibu, maana katika ujana wake alichora kwa miaka mingi matangazo ya dawa ya wadudu iitwayo Flit.

Wenye biashara waliikabili hadithi hii kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya kuipinga waziwazi. Mwaka 1989, katika mji mdogo wa Laytonville, jimbo la California, ambako watu wengi waliishi kwa kazi ya mbao, baadhi ya wazazi walitaka kitabu kiondolewe katika orodha ya vitabu vya lazima shuleni. Hawakufaulu. Katika miaka ya 1990 wenye viwanda vya sakafu za mbao walitoa kitabu chao cha watoto, The Truax, kilichoandikwa na Terri Birkett, ambamo mkata miti ndiye mwenye busara na mtetea miti ndiye mwenye hasira.

Njia ya pili ilikuja mwaka 2012, filamu ya hadithi hiyo ilipotolewa. Mwandishi alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1991. Zaidi ya washirika 70 wa biashara waliungana na filamu ile ili sura ya Lorax itumike kutangaza shughuli zao. Miongoni mwao ilikuwa kampuni ya magari ya Mazda. Katika tangazo lake gari jipya lilipita katikati ya miti ile ile ya hadithi, kana kwamba miti yenyewe imelipa baraka. Kampuni ilijitetea kwamba injini yake hutumia mafuta kidogo kuliko nyingine. Zaidi ya hayo, watu wa kampuni waliingia katika shule za msingi pamoja na Lorax, na watoto wakaelezwa kwamba wazazi wao wakienda kuliendesha gari kwa majaribio, maktaba za shule zitapata mchango wa fedha.

Mwanachuo atajiuliza ni ipi kati ya njia hizi mbili iliyo ya hatari zaidi kwa mtoto. Kwa maoni yangu ni ya pili. Wenye viwanda vya mbao walisema waziwazi kwamba hawakubaliani na Lorax. Mtoto aliyesoma vitabu vyote viwili alikuwa na hoja mbili mbele yake, na mwalimu hodari angeweza kuziweka mezani na kumwachia apime. Wauzaji wa mwaka 2012 hawakumpinga Lorax. Waliazima sauti yake, na mtoto akabaki na hadithi moja tu ambayo mwisho wake umepindwa. Hadithi ya kwanza ilimwachia mbegu na kazi ya kuipanda. Tangazo lilimwambia kwamba kazi imekwisha kufanyika, na kwamba kilichobaki ni baba kununua.

Hapo ndipo ilipo tofauti ninayotaka wanachuo waishike. Hadithi ya kuhifadhi mazingira humwachia msikilizaji wajibu, na tangazo humwondolea wajibu huo kwa kumpa kitu cha kununua. Vikichanganywa katika kijitabu kimoja, mtoto wa miaka tisa hana uwezo wa kuvitenganisha. Anamwamini mwalimu, na kila kinachosomwa kwa sauti ya mwalimu huhesabiwa kuwa neno la mwalimu. Muuzaji hulifahamu hilo, na ndiyo maana huleta kijitabu chake shuleni badala ya kukigawa sokoni.

Sisemi kwamba kila ujumbe wenye fedha nyuma yake ni mbaya. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na mwaka 1980 kampeni ya "Misitu ni Mali". Nazo zilikuwa na mwenyewe, yaani serikali, na serikali ilikuwa na shabaha zake. Lakini shabaha hizo zilitajwa hadharani, na kilichotakiwa kwa msikilizaji kilikuwa kazi ya mikono yake: kuchimba choo, kufyeka vichaka kuzunguka nyumba, kupanda miti. Hapa kwetu Karagwe wakulima walijiunga na mradi wa upandaji miti uitwao Emiti Nibwo Bulora, maana yake miti ndiyo uhai, ambamo mkulima hulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti yake. Hiyo nayo ni biashara, lakini mkulima anajua anauza nini. Mtoto wa darasa la tatu hajui kwamba kuna kitu kinachouzwa.

Naijua hoja itakayotolewa dhidi yangu, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeitoa mara nyingi. Vitabu vya kiada hutoka Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini vitabu vya hadithi vya kujisomea ni haba katika shule zetu za vijijini. Mwalimu mwenye watoto wengi na vitabu vichache atakataaje kijitabu cha rangi kinacholetwa bure mlangoni? Hoja hii ni nzito. Mtoto anayetamani kusoma asinyimwe karatasi kwa sababu ya usafi wa moyo wa mkufunzi aketiye chuoni. Kwa hiyo siwashauri wanachuo wavichome vijitabu hivyo. Nawashauri wavifundishe kwa namna nyingine, na napendekeza hatua nne.

Kwanza, mwalimu asome kijitabu chote kabla ya kukiingiza darasani, pamoja na jalada la nyuma, na aorodheshe kila mahali penye nembo au jina la bidhaa. Akiona kwamba hadithi haiwezi kusimama bila bidhaa hiyo, basi si hadithi, na aiache.

Pili, akiona kwamba hadithi inasimama, aisimulie kwa mdomo wake kwanza, kitabu kikiwa kimefungwa, kwa maneno yake na kwa miti ambayo watoto wanaijua: mikaratusi ya mlimani, mibuni na migomba ya nyumbani. Baadaye ndipo watoto wapewe kitabu wasome. Wakikuta ndani yake jambo ambalo halikuwamo katika masimulizi, watalitambua wenyewe.

Tatu, baada ya kusoma, maswali ya ufahamu yaongezwe mawili. Nani ametupa kitabu hiki? Anataka tufanye nini? Maswali haya ni mepesi, na mtoto wa darasa la tatu anayamudu. Atakayeyazoea shuleni atayauliza pia akiwa mtu mzima, mbele ya mwuza mbegu, mwuza mbolea na mwomba kura. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilisisitiza akili yenye kudadisi, na sioni pa kuanzia palipo bora kuliko hapa.

Nne, watoto wapewe kazi ya kuwauliza babu na bibi zao hadithi za Kinyambo zenye miti, mito na wanyama, waziandike kwa Kiswahili na kuzichora. Kijitabu cha karatasi za daftari kilichoshonwa kwa uzi hakitakuwa na rangi za kiwandani, lakini kitakuwa kitabu cha ziada ambacho hakuna aliyekilipia ili kimwambie mtoto anunue chochote.

Nimalizie kwa mwanachuo yule. Jioni ile tulizungumza kwa muda mrefu, naye hakukata tamaa. Kesho yake alirudi darasani na kijitabu kile kile. Alimwita mbele yule mtoto wa kike, akamwambia kwamba jibu lake la jana lilikuwa sahihi, kwa maana hivyo ndivyo kitabu kilivyosema. Kisha akauliza darasa: chupa ile ikishakuwa tupu, inakwenda wapi? Watoto walinyamaza, halafu mikono ikaanza kunyanyuka. Akawatoa nje wakaokote kile walichokiona kuzunguka uwanja wa shule, wakakipanga katika mafungu na kukihesabu, na hesabu ile ikawa somo la hisabati la siku hiyo. Fungu lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa la chupa zenye nembo iliyomo kitabuni.

Nilimpa alama nzuri. Nawaomba wanachuo wengine waijaribu njia hii katika mazoezi yao yajayo, na watuandikie katika jarida hili yatakayowafanikia na yatakayowashinda, ili tusahihishane.